Vijana Wetu na Sala
Neno kwa wazazi, wasimamizi wa ubatizo, na vijana wenyewe





Apitaye Mtaa wa Kongo wakati wa adhuhuri huona jambo ambalo sisi wa hapa tumelizoea hata hatulioni tena. Adhana ikisikika, kijana muuza mitandio humwambia jirani yake, "Niangalizie meza, naenda kuswali." Jirani huyo, muuza soksi, ni wa kwetu, amebatizwa, na kipaimara amepata. Huitikia bila kinyongo. Hukaa akilinda meza mbili, akiuza za kwake na za mwenzake, na fedha ya mwenzake huiweka mbali na yake. Baada ya muda mwenye meza hurudi, uso wake bado una maji ya udhu. Alasiri huwa vivyo hivyo. Lakini yule wa kwetu, tangu alfajiri aliposhuka kwenye basi Gerezani mpaka usiku anaporudi Mbagala au Gongo la Mboto, hakumwomba mtu yeyote amwangalizie meza yake.

Siandiki haya ili kumwaibisha. Kulinda mali ya jirani anapokwenda kusali ni tendo jema, na amani ya mitaa yetu imejengwa kwa matendo kama hayo. Wala sala si mashindano kati yetu na wenzetu wa Msikiti wa Mtoro. Naandika ili tujiulize sisi tulio wazazi na wasimamizi: yule muuza mitandio alifundishwa na nani? Alipokuwa mtoto alisimamishwa ubavuni mwa baba yake. Alipelekwa chuoni, akashika maneno kabla hajajua maana yake yote, akaonyeshwa namna ya kusimama na namna ya kuinama. Wa kwetu alionyeshwa nini, na nani, nyumbani kwake?

Katika madarasa ya kipaimara mtu huona mengi. Vijana wengi waijua Sala ya Bwana kanisani, wakichukuliwa na sauti ya watu wote kama mtu achukuliwavyo na mkondo wa maji. Ukimwambia mmoja aiseme peke yake, afika katikati na kupotea njia, atazama dari. Na ukiwauliza wanasali lini nyumbani, jibu ninalolisikia mara nyingi ni hili: "Padre, mimi huwa naenda kuombewa."

Kiswahili chetu kina busara katika jambo hili. Kuna kuomba, kuna kuombea, na kuna kuombewa. Vijana wetu wamelishika sana hilo la tatu. Kijana ataacha kazi, apande daladala mbili kwenda nje ya mji, akakae uwanjani tangu asubuhi hadi jua kuzama, na mauzo ya siku nzima yaishie kwenye chupa ya maji au ya mafuta ya upako, ili mtu asiyemjua jina amwombee biashara ifunguke. Sina ugomvi na kuombewa. Mtakatifu Yakobo ametuagiza kwamba mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta (Yakobo 5:14). Lakini tusome na mstari uliotangulia: pale aliyepatwa na taabu aagizwa asali yeye mwenyewe. Anayeombewa tu na hasali ni kama mtoto anayemtuma mtu baki kwa baba yake kila siku, na baba yumo chumba cha pili.

Basi tuanzie pale walipoanzia wanafunzi wa Bwana. Twasoma katika Luka 11 kwamba mmoja wao alimtaka awafundishe kusali, kama Yohana alivyowafundisha wanafunzi wake. Hawa hawakuwa watu wapya katika dini. Walikuwa Wayahudi waliolelewa katika masinagogi, wenye kuzijua zaburi. Hata hivyo waliona kwamba kusali ni jambo la kufundishwa. Na Bwana hakuwajibu kwamba sala hutoka moyoni, waende tu wakaseme wanavyojisikia. Aliwapa maneno. Tena maneno machache, ambayo mtu aweza kuyamaliza akivuka Barabara ya Msimbazi.

Nasema hivi kwa sababu siku hizi limezuka neno la kudharau sala zilizoandikwa. Vijana huambiwa kwamba anayesali kwa Kitabu cha Sala ni kasuku, na kwamba sala ya kweli ni ile inayobuniwa papo hapo kwa sauti kuu. Wanaosema hivyo hutaja Mathayo 6:7, Bwana alipokataza maneno mengi yasiyo na maana. Naam, alikataza. Lakini mistari inayofuata ndiyo ile ile anamowapa Sala yake waishike. Kisha mtazameni yeye mwenyewe. Usiku wa Gethsemane, moyo wake ulipokuwa na huzuni kiasi cha kufa, alisali mara tatu, na Mathayo aeleza kwamba mara ya tatu alirudia maneno yale yale (26:44). Na msalabani alipaza sauti kwa maneno ya Zaburi ya 22, na roho yake akaiweka mikononi mwa Baba kwa maneno ya Zaburi ya 31. Mwana wa Mungu, katika saa ile, alisali kwa maneno ya kitabu cha sala cha watu wake. Mtu akiniambia kwamba huo ni ukasuku, sina la kumjibu zaidi ya hapo.

Sasa nije kwenye swali gumu, ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike.

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka hapa Kariakoo. Hamhitaji kusimuliwa, wengine wenu mlikuwa hatua chache tu kutoka pale, na wengine mlikesha mkisubiri habari za ndugu. Baadhi ya waliofukiwa waliweza kuzungumza na waokoaji kutoka chini, wakapelekewa maji na hewa. Wengi walitolewa wakiwa hai. Zaidi ya watu ishirini walifariki. Baada ya siku hizo kijana mmoja wa darasa letu aliniuliza, si kwa ubishi bali kwa sauti ya chini, "Padre, wale wa chini hawakuomba?"

Niseme nini? Bila shaka waliomba, waliotoka na wasiotoka, kila mmoja kwa dini yake. Mwalimu akimwambia kijana kwamba waliotoka ndio walioomba vizuri, atamfundisha uongo, tena uongo mbaya unaowatukana wafiwa. Na akimwambia kwamba sala haina kazi yoyote, atamwacha mtupu. Kwa nini huyu alitoka na yule hakutoka, mimi sijui, wala sijamwona mtu anayejua. Nilichofanya ni kumsimulia habari ya vijana watatu wa nchi jirani, ambao maneno ya sala zao yalitoka hapa hapa katika pwani yetu.

Wamisheni wa kwanza wa CMS walipofika Buganda mwaka 1877, Injili ilikuwa bado haijapigwa chapa kwa Kiganda. Kwa hiyo vijana wa kule walianza kujifunza kusoma na kusali kwa Kiswahili, katika vitabu vilivyotokana na kazi ya kufasiri iliyofanyika Unguja chini ya Edward Steere wa UMCA, aliyekuwa Askofu tangu 1874 hadi alipofariki 1882, na ambaye alizikwa katika kanisa kuu la Mkunazini. Yaani neno la Kiswahili lilichukuliwa kichwani mwa wapagazi kutoka pwani hii hadi ng'ambo ya ziwa, likaingia katika vinywa vya vijana ambao Kiswahili hakikuwa lugha ya mama zao.

Mwezi Oktoba 1884 Kabaka Mutesa alifariki, na mwanawe Mwanga, ambaye mwenyewe alikuwa kijana, akatawala. Miezi michache baadaye vijana kadhaa walikamatwa walipokuwa safarini pamoja na wamisheni Alexander Mackay na Robert Ashe kuelekea ziwani. Tarehe 31 Januari 1885 watatu kati yao waliuawa mahali paitwapo Busega. Majina yao ni Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama. Lugalama ndiye aliyekuwa mdogo wa wote, mtoto hasa. Mkuu wa askari aliwadhihaki. Aliwaambia kwamba wao wanamjua Isa Masiya na wanajua kusoma, na wanaamini watafufuka. Basi yeye atawachoma moto aone kama ni kweli. Mikono yao ilikatwa, kisha wakatiwa motoni. Inasimuliwa kwamba kabla ya mwisho waliimba wimbo wa kumsifu Bwana, na wimbo wenyewe ulikuwa wa Kiswahili.

Angalieni: dhihaka ya yule mkuu wa askari ni ndugu wa swali la kijana wetu. Yeye aliuliza kwa ukatili, na huyu aliuliza kwa huzuni, lakini swali ni moja. Mnaomba, je, mtatolewa? Na wale watatu hawakutolewa. Hakuna malaika aliyewaokoa katika moto wa Busega kama walivyookolewa Shadraka, Meshaki na Abednego. Bwana mwenyewe aliomba kikombe kimwepuke, nacho hakikumwepuka.

Lakini kuna jambo katika habari hii ambalo Mackay aliliandika, nami naona lapita yote. Mmoja wa wale wauaji, aliyeshika moto kwa mkono wake, alistaajabishwa na uthabiti wa vijana wale. Alimwendea Mackay akaomba afundishwe naye kusali.

Hakuomba afundishwe namna ya kuokoka na moto. Alikuwa ameona kwa macho yake kwamba sala yao haikuwaokoa na moto. Aliona kitu kingine, ambacho yeye mwenye upanga na kuni hakuwa nacho, na watoto wale walikuwa nacho. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Juni 1886, ulikuja moto mkubwa wa Namugongo, ambamo Waanglikana na Wakatoliki waliungua pamoja, na hiyo ndiyo siku tunayowakumbuka mashahidi wa Uganda kila mwaka. Namugongo huenda mahujaji maelfu kwa maelfu. Busega hatajwi sana. Mimi ningependa kila darasa la kipaimara katika mji huu liwajue wale watatu kwa majina.

Tena nawaombeni wazazi mfikiri jambo hili: Lugalama alipofikishwa pale hakuwa na nafasi ya kutunga sala mpya. Mtoto mwenye hofu kiasi kile hana maneno ya kubuni. Alikuwa na yale aliyokwisha kufundishwa, yaliyokaa mdomoni tangu siku za amani. Kijana aliye chini ya zege gizani, au mama aliye katika chumba cha kujifungulia Amana, au mfanyabiashara aliyesimama barabarani usiku wa tarehe 10 Julai 2021 akitazama soko kuu likiungua pamoja na mtaji wake wote, hawezi kuanza kujifunza saa ile. Tunawafundisha vijana maneno kwa ajili ya siku ambayo maneno yao wenyewe yatakauka.

Vijana huniambia kwamba hawana nafasi. Nakubali kwamba nafasi ni ndogo. Bwana asema mtu aingie chumbani mwake na kufunga mlango (Mathayo 6:6), na kijana wangu anaishi chumba kimoja cha kupanga na wenzake wanne, redio ikilia. Lakini Bwana aliyesema hivyo hakuwa na chumba, alipanda mlimani. Mtakatifu Petro alipanda darini (Matendo 10:9). Na ningependa hasa mumsome Nehemia, ambaye alikuwa mtu wa kuhudumia, mwenye kusimama mbele ya mkubwa wake kama msimamavyo ninyi mbele ya wateja. Alikuwa na kikombe cha mfalme mkononi. Mfalme akamwuliza haja yake ni nini. Kati ya swali la mfalme na jibu lake, Nehemia alimwomba Mungu wa mbinguni (Nehemia 2:4), kisha akajibu. Hakupiga magoti wala hakufumba macho. Mfalme huenda hakujua. Sala ile haikuzidi pumzi moja. Ila msisahau sura ya kwanza: kabla ya pumzi ile moja, Nehemia alikuwa amefunga na kusali siku nyingi. Pumzi moja hutosha kwa aliyezoea.

Kariakoo hata jina lake ni la wabeba mizigo, wale Carrier Corps wa Vita Kuu ya Kwanza waliowekwa hapa. Mbeba mizigo wa leo, mwenye guta au mkokoteni, anazo pumzi nyingi za namna ya Nehemia: anapongoja gari lipite, anapongoja tajiri amhesabie ujira. Kwa vijana wa mezani nimeandika sala hii fupi, waiseme wanapofungua mzigo asubuhi. Mwenye nyingine bora na atumie yake:

"Bwana, siku hii ni yako na meza hii ni yako. Nilinde nisidanganye wala nisidanganywe. Nipatie riziki ya leo, na jirani yangu umpatie yake. Amina."

Kijana mmoja alicheka aliposikia neno "nisidanganye". Akasema, "Padre, hapo umeniharibia biashara." Nami nilifurahi kuona kwamba amesikiliza maneno.

Wazee wetu waliolelewa katika vituo vya misheni walikuwa na kengele. Ikigongwa, mtu alijua saa ya sala imefika, hata akiwa shambani. Hapa mjini kengele ikigongwa humezwa na honi za bodaboda na vipaza sauti vya wauza nguo. Lakini kila kijana ana simu mfukoni inayomwamsha, inayomkumbusha mpira na inayomkumbusha deni. Na aiweke imkumbushe adhuhuri. Kuhusu meza, atamwambia jirani wa mitandio amwangalizie. Sidhani kama atakataliwa, kwa jinsi alivyomlindia yeye ya kwake.

Lakini kazi yaanzia nyumbani, na hapa nasema na akina baba kwanza, maana tumezoea kuiacha sala kama kazi ya Umoja wa Mama. Mtoto anayemwona baba yake akipiga magoti kando ya kitanda kabla ya kulala hahitaji hotuba ndefu. Asiyemwona, hata tukimpa hotuba ataona ni mambo ya wanawake na watoto. Semeni Sala ya Bwana pamoja kila jioni, polepole, kila mmoja kwa zamu akiongoza, hata yule mdogo anayekosea. Fundisheni Zaburi ya 23 yote, na moja katika zile fupi, ya 121 au ya 130. Mtoto wa miaka kumi ashika nyimbo za redio thelathini. Zaburi mbili hazitamshinda.

Wengine mwasema, "Mimi mwenyewe sijui kusali vizuri, nitamfundishaje mwanangu?" Basi mtazameni mzee Eli. Macho yake yalikuwa yameingia giza. Wanawe walikuwa wameharibika, na taarifa zao zilijaa mjini. Ndiye yule aliyemwona Hana akisali kwa uchungu akadhani amelewa. Neno la Bwana lilikuwa adimu siku zile. Kwa hesabu za watu, Eli hakufaa kuwa mwalimu wa mtoto yeyote. Usiku ule Samweli aliitwa, akamkimbilia Eli, akarudishwa akalale. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu yule mzee, katika usingizi wake na udhaifu wake wote, alifahamu kwamba mtoto anaitwa na Bwana, akampa maneno ya kujibu. Yalikuwa machache sana, yasomeni katika 1 Samweli 3:9. Samweli akarudi mahali pake akiwa na maneno hayo, na alipoitwa tena aliyatumia. Bwana hakumtafutia mtoto mwalimu mwingine. Alingoja mpaka yule mzee amfundishe.

Basi, kwa makubaliano na baraza la parishi, mlango wa kando wa kanisa letu utakuwa wazi siku za kazi kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa nane, kwa ajili ya wanaofanya kazi sokoni na madukani. Hakutakuwa na mahubiri wala sadaka. Saa saba kamili tutasema Sala ya Bwana na zaburi moja, kwa dakika tano. Anayetaka kukaa kimya peke yake na akae. Wazee wawili wa kanisa watakuwapo kwa zamu. Mwenye mzigo aje nao. Utawekwa karibu na birika la ubatizo na utaangaliwa.

Padre wenu